Mwizi Aliyevua Pete

Puto lilikuwa zima, na hilo ndilo lililomkera Inspekta.

Lilikuwa limelazwa juu ya meza ndefu katikati ya banda, jeupe, limekunjwa pindo kwa pindo. Pembeni yake lilikaa tangi la unga, na kwenye mdomo wa tangi, pale palipotakiwa kuwa na nozeli ya kupulizia, palikuwa na tundu tu. Mtu alikuwa ameifungua nozeli akaondoka nayo, kisha akalifunika puto tena, pamoja na tangi, kwa shuka lake na kuzichomeka pembe zote kama mama anayemfunika mtoto.

"Mwizi gani huyu mwenye adabu hivi?" alinong'ona Sajini.

Inspekta alikuwa anasugua kidole chake cha pete, ambacho bado kilikuwa kikiwaka moto.

Maana hata kuingia humo kwenyewe kulikuwa kasheshe. Mlangoni palikuwa na ubao wa misumari, kila mfanyakazi na msumari wake, na sharti halikuwa na mkubwa wala mdogo: vua pete, vua saa, vua mkanda, vaa soksi juu ya viatu na glavu za pamba mikononi. Ngozi ya puto ni nyembamba kuliko ganda la kitunguu, waliambiwa. Mkwaruzo usioonekana hapa chini, huko juu unakuwa mpasuko. Sajini alivua mkanda akabaki ameishikilia suruali yake kwa mkono mmoja. Inspekta ndiye aliyehangaika. Pete yake haikuwa imetoka kidoleni tangu aolewe, ikabidi iletwe sabuni, na mlinzi akawa anampa ushauri wa jinsi ya kuizungusha mpaka alipokodolewa macho.

Kazini Inspekta aliitwa Koleo, kwa kuwa akishika haachii. Basi akashika.

"Nani aligundua?"

"Mimi na Mkurugenzi," alisema Daktari. Ndiye aliyekuwa mkuu wa kituo kile cha utafiti, mwanamke wa makamo, mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Tulikuja asubuhi kulikagua kabla halijaruka. Nikafunua shuka, nikaona tundu."

"Ukafanya nini?"

"Nikapiga kelele."

"Alipiga kweli, masikio yangu ni shahidi," alidakia Mkurugenzi. Huyu alitoka makao makuu ya mradi, mtu wa suti, viatu vyake vya kung'aa vikiwa ndani ya soksi za kuazima. "Inspekta, tuelewane. Puto hili lazima liruke leo. Upepo wa huko juu unageuka jioni, ukishageuka ndiyo basi tena mpaka mwakani. Nipatie nozeli yangu kabla ya alasiri. Huyo mwizi utamtafuta kwa nafasi yako."

"Hakuna ya akiba?"

"Ilipasuka kwenye majaribio. Nyingine inatengenezwa kwa oda, miezi mizima."

"Geti?"

"Limefungwa tangu kelele zilipopigwa. Hakuna aliyetoka."

"Basi nozeli iko humuhumu." Inspekta alimgeukia Sajini. "Alama za vidole?"

"Afande, hapa wote wanavaa glavu. Mtaalamu wetu atakuja kunywa maji tu, arudi zake."

Inspekta alilizunguka puto polepole. "Daktari, nieleze kazi ya kitu hiki. Nieleze kama unavyomweleza mama yako."

Kwa mara ya kwanza Daktari alitabasamu kidogo. "Mama yangu ningemwambia hivi: dunia inapata joto, na sisi tunataka kuifungulia mwavuli. Puto linapanda juu ya mawingu, linapulizia unga laini. Unga unaelea huko, unarudisha sehemu ndogo ya jua lisitufikie. Ndiyo maana mradi unaitwa Mwavuli."

"Na puto moja linaweza kuipoza dunia?"

"Hili moja haliwezi kupoza hata banda hili. Lakini likiruka salama, nikatia sahihi kwamba linafaa, yale yanafuata bila kuulizana tena." Alionyesha makasha yaliyopangwa mpaka kwenye dari.

"Jambo jema basi."

"Eee," alisema Daktari. Alilisema kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

Inspekta aliliweka hilo kichwani.

*

Mlinzi wa geti alikuwa mtu wa maneno mengi, na siku hiyo alikuwa amepata wa kumsikiliza.

"Aliyeingia kwanza leo ni nani?"

"Mzee Spana, Afande. Mhandisi. Aliyeitengeneza hiyo nozeli ni yeye."

"Mapema?"

"Alfajiri, nje bado giza. Na chupa yake ya chai, kama kawaida."

"Kama kawaida vipi?"

"Ah! Huyo bwana ni balaa. Kila siku anampikia mkewe chai, anamletea ofisini kwa mkono wake mwenyewe. Sisi wenzake tunateseka. Wake zetu wakija hapa wanaona, jioni nyumbani hapakaliki."

"Mkewe ni nani?"

Mlinzi alimtazama kwa huruma. "Si ndiye Daktari!"

Kutoka nyuma ya banda ikasikika sauti ya Sajini. "Afande, njoo uone harusi ya sisimizi!"

Alikuwa amechuchumaa kwenye mlango wa nyuma, ule uliokuwa karibu na ofisi. Juu ya saruji palikuwa na doa kubwa la kunata, na sisimizi walikuwa wamelizingira tabaka kwa tabaka. Sajini aliinama akanusa.

"Chai ya maziwa," alitangaza. "Sukari imekolea. Afande, nani mwenye roho ngumu ya kumwaga chai kama hii?" Na kwa kweli alionekana kuumia.

Inspekta alikuwa anatazama juu zaidi. Pembeni mwa mlango huo palikuwa na dirisha dogo lenye kizingiti cha mbao, na kizingiti kilikuwa kimefunikwa vumbi la ule unga mweupe. Katikati ya vumbi palibaki duara safi, dogo, kama lililochapwa kwa muhuri.

Alitoa pete yake mfukoni, akaisogeza kando ya duara bila kuligusa. Pete yake ilikuwa ndogo. Duara lilikuwa la kidole kinene.

"Mlango wa mbele una misumari," alisema taratibu. "Huu wa nyuma hauna. Mtu aliingilia hapa, akavua pete, akaiweka hapa."

"Mwizi avue pete?" Sajini alicheka. "Amekuja kuharibu, halafu anaogopa kukwaruza?"

"Ndiyo, Sajini. Na kabla hajaondoka akafunika shuka. Piga picha hapo, pima hilo duara, halafu usimwambie mtu."

Simu yake ikaita. Alikuwa mumewe, fundi cherehani, na mashine zilisikika zikinguruma nyuma yake.

"Umekula?"

"Niko kwenye eneo la tukio."

"Kwani kwenye eneo la tukio hawali? Sikiliza. Mama yako amepiga, amekasirika kwamba hukumpigia jana. Nimemwambia kosa ni langu, uliniachia ujumbe nikasahau."

"Sikukuachia ujumbe wowote."

"Najua. Lakini mimi akinigombeza haniingii. Wewe ungekosa raha siku nzima."

Inspekta alibaki ameishika simu, imeshakatwa zamani. Sajini akamuuliza kama kuna tatizo.

"Hakuna," alisema. "Nimeolewa na mtu mwema, basi. Twende ofisini kwa Daktari."

*

Ofisi ilikuwa ndogo, meza mbili zimebanana, kuta zimejaa ramani za mawingu. Juu ya kabati ilisimama chupa ya chai, ile ya mdomo mpana, nyekundu, mpini umefungwa waya kwa ustadi.

Sajini aliiona kabla hajaona kiti. "Daktari, samahani. Tumetoka asubuhi bila kitu tumboni. Hata nusu kikombe."

"Leo hakuna," alisema Daktari. "Mume wangu anasema kioo cha ndani kimepasuka, nisiiguse nitajikata."

"Pole."

"Asante." Alikuwa anazungusha pete kidoleni. Yake ilikuwa nyembamba, kwenye kidole chake cha pete. Hiyo aliyokuwa akiizungusha ilikuwa pana, nzito, na alikuwa ameivaa kwenye kidole gumba. Hata huko ilikuwa inapwaya.

Inspekta aliiangalia mpaka Daktari akaficha mkono chini ya meza.

"Sajini, mwite Mhandisi."

Mzee Spana aliingia akifuta mikono kwa tambara. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye uso wa kuchekacheka, ila leo kicheko kilikuwa kimepotea njia. Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumtazama mkewe kama amekula.

"Kaa, Mzee. Leo umeingia saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Kufanya nini?"

"Kazi."

"Kazi gani?"

"Za kawaida."

"Uliingilia mlango upi?"

"Wa mbele."

"Chupa ya chai ilipasuka lini?"

"Njiani."

"Njiani. Halafu chai ikaja kumwagikia nyuma ya banda?"

Mzee Spana alilikunja tambara lake.

"Onyesha mkono wako wa kushoto, Mzee."

Aliunyoosha. Kwenye kidole cha pete palikuwa na mstari wa ngozi iliyofifia, mstari wa miaka mingi.

"Pete iko wapi?"

"Nyumbani."

"Huwa unaivua nyumbani?"

"Wakati mwingine."

"Mwongo," alisema Daktari, na sauti ikamponyoka. Kisha akasimama wima. "Inspekta, mwache. Ni mimi. Nozeli nimeichukua mimi."

"Ala!" alisema Mzee Spana.

"Nyamaza wewe. Ni mimi, Inspekta. Andika."

Inspekta aliegemea kiti. Alikuwa amewahi kusikia watu wakikana makosa yao kwa viapo vya kutisha, lakini watu wa kugombea kosa huwapati kila siku.

"Sawa. Umeifungua kwa mkono au kwa spana?"

"Kwa... spana."

"Nionyeshe ulivyozungusha."

Daktari alinyoosha mkono hewani, akazungusha kinyume cha saa, kama mtu yeyote anavyofungua kitu chochote. Mzee Spana alifumba macho.

"Mzee, mbona umefumba macho?"

"Nyuzi zake za skrubu ni za kushoto," alisema kwa unyonge. "Ukizungusha hivyo unaikaza. Nilimwambia, mke wangu huyu, mara ngapi sijui. Hasikilizi mambo ya nyuzi."

"Sajini, nipe hiyo chupa. Kwa glavu."

Sajini aliishusha kutoka kabatini. Kitu kikagonga ndani, ko, ko. Akafungua kifuniko, akainamisha, na kutoka kwenye chupa ya chai nyekundu ikateleza nozeli ya shaba, inang'aa, imeviringwa kwa uangalifu ndani ya leso safi.

Daktari aliitambua leso. Alimnunulia mwenyewe.

*

Inspekta alimsomea onyo lake lote, kwamba halazimiki kusema chochote na kwamba atakalolisema litaandikwa. Mzee Spana akaitikia kwa kichwa, akaanza kuongea kama mtu anayetua mzigo.

"Niliingilia nyuma. Nikavua pete, mkono umezoea, hata sikufikiri. Nikaifungua nozeli, nikamwaga chai, nikaitia chupani. Nilidhani nitatoka nayo mchana. Pete nikaisahau palepale."

"Ulikuja kuliharibu puto, Mzee, halafu ukavua pete usilikwaruze?"

Aliudhika kwelikweli. "Kuliharibu? Mimi? Ngozi ile nimeiunga kwa mikono yangu! Nilikuja kulizuia tu lisiruke."

"Kwa nini?"

Alimtazama mkewe. "Juzi usiku alinigeuzia mgongo akalia. Miaka ishirini na kitu ya ndoa, najua analia hata asipotoa sauti. Nikamuuliza, akaniambia. Akasema, natamani lisiruke, ila mimi siwezi kulizuia. Nikajiambia, basi lisiruke. Kuna ugumu gani?"

Inspekta aligeuka. "Daktari, ulilia nini?"

Daktari alikuwa ameivua ile pete kwenye kidole gumba, ameikumbatia kiganjani. "Niliiona pale dirishani wakati watu wanakimbizana. Nikajua. Nikaivaa ili mtu asiipate." Alivuta pumzi. "Nililia kwa sababu sijui, Inspekta. Hicho tu. Nusu ya umri wangu nimekuwa nikipiga hesabu ya kivuli hiki, na kivuli kinafanya kazi, joto linashuka. Watu wanakufa kwa joto, si wazo la kijinga hata kidogo. Lakini ukigusa jua unagusa mvua. Kila nikirudia hesabu, mvua inahama. Hesabu moja inasema watu wa kaskazini watakaukiwa. Nyingine inasema watafurika. Na hao watu hakuna aliyewauliza. Hawajui hata kama kuna banda hili."

"Si mnaweza kuanza, mkiona mambo mabaya mkaacha?"

"Hapo ndipo panaponinyima usingizi. Huku chini mioshi ya viwanda itaendelea vilevile, maana mwavuli upo, nani atajisumbua? Ni kama kunywa dawa ya maumivu kila siku wakati jino linaoza. Siku ukiacha kupulizia, vita, ufukara, lolote, unga unaanguka, na joto lote lililokuwa limezuiwa linashuka kwa mkupuo. Wajukuu watashindwa kuacha kitu ambacho hawakukianza."

"Ulimwambia nani?"

"Mkurugenzi. Akasema nimechoka, nikapumzike baada ya uzinduzi. Nikatazama vijana wangu, kila mmoja na familia yake, nikatazama miaka yangu yote, nikanyamaza." Ghafla alimgeukia mumewe, na machozi yakamshuka kwa hasira. "Na wewe! Nani alikutuma?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Ulipolia."

"Ungeniambia niseme, basi! Mtu mzima na akili zako, unaenda kuiba! Ungenishika tu mkono ukaniambia, mke wangu, sema."

"Ungesema?"

Daktari aliitazama ile pete kiganjani.

Hapo ndipo mlango uliposukumwa na Mkurugenzi akaingia, ameshasikia kwamba nozeli imepatikana, uso umemchanua. "Hongera, Inspekta! Hongera sana! Ilete, vijana waifunge, muda bado tunao."

Inspekta alikuwa ameshaitia nozeli kwenye mfuko wa nailoni na kuufunga kwa lakiri. "Haiwezekani. Hiki ni kielelezo. Hakitoki polisi mpaka hakimu aamue."

"Nitampigia mkubwa wako!"

"Mpigie. Sheria hiyo alinifundisha yeye."

"Basi wakili wangu ataenda mahakamani sasa hivi. Kabla ya alasiri nitakuwa na amri ya kurudishiwa." Alikuwa anabonyeza simu tayari, na Inspekta alijua hatanii. Watu wa namna ile huzipata amri. Koleo lake lilikuwa limefika mwisho wa sheria, na puto lilikuwa bado linaweza kuruka.

"Usijisumbue," alisema Daktari.

Mkurugenzi aliinua kichwa.

"Hata ukiirudisha nozeli, sahihi yangu huipati." Alipiga moyo konde akaendelea. "Leo halifai. Na nitasema kwa nini, kwa mdomo wangu, mbele ya yeyote atakayeniuliza, mpaka wale wanaopokea mvua hiyo waulizwe na wao."

"Daktari, umechoka."

"Nimechoka, ndiyo. Nimechoka kunyamaza."

Mkurugenzi aliwaangalia wote mmoja mmoja, kisha akatoka na soksi zake za kuazima. Baada ya muda Sajini alichungulia dirishani. Vijana walikuwa wanalirudisha puto kwenye kasha.

Mzee Spana alikuwa anamtazama mkewe kama aliyemwona kwa mara ya kwanza. "Umesema," alisema.

"Nimesema," alijibu Daktari, akalia tena, safari hii akimgeukia.

*

Kituoni, askari wa zamu ya mahabusu alikuwa mtu wa kanuni. Mkanda juu ya kaunta. Saa juu ya kaunta. Kamba za viatu. Mzee Spana alivitoa bila ubishi. Mkewe alikuwa ameshaomba ruhusa ya Inspekta na kumrudishia pete kidoleni palepale kwenye gari. Inspekta alikuwa na picha na vipimo vya duara, vilimtosha.

"Na pete," alisema askari.

Mzee Spana alianza kuizungusha. Mkono umezoea.

"Mwache nayo," alisema Inspekta kutoka mlangoni.

"Afande, kanuni—"

"Mwache nayo, nitaandika mimi. Humu hakuna puto la kukwaruza."

Asubuhi iliyofuata, kabla dhamana haijakamilika, Daktari alifika kituoni amebeba chupa ya chai ya jirani, maana ile nyekundu nayo ilikuwa kielelezo. Alikuwa amepika mwenyewe, na ilionekana hakuwa na mazoea, kwa sababu kifuniko kilivuja mpaka kwenye viatu. Wakamruhusu akae naye kwenye benchi. Mzee Spana alipiga funda la kwanza, akalimeza polepole.

"Vipi?" aliuliza mkewe.

"Haina sukari kabisa."

"Kunywa."

Akanywa yote. Inspekta aliwatazama kupitia mlango uliokuwa wazi, kisha akavuta simu, akampigia fundi cherehani wake.

"Umekula?" alimuuliza.